Maziwa Kutoka Kwanza

Kitale,
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Kaka mpendwa Makokha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na matope. Ninaomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na wifi Joan na watoto. Je, kifua cha yule mdogo kimepona? Na hayo mabomba yenu ya Marsabit yanatoa maji siku hizi, ama bado mnagombana na ngamia? Mimi sijambo. Mama pia hajambo, ila goti lake linamsumbua mvua inapokaribia, na mvua mwaka huu haijatuonea huruma. Mahindi ya Naitiri yamekomaa ya kuchoma, maharagwe tulishavuna, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama alifurahi hata akasahau goti, akawa anazunguka zizini akiimba nyimbo za kwaya.

Najua utashangaa kuona barua kutoka kwangu, mimi ambaye hata ujumbe wa simu naandika kwa maneno matatu. Nilijaribu kukupigia mara kadhaa, lakini kila nikianza mtandao wako unakata, na haya si mambo ya kusema ukipiga kelele ati "unanisikia, unanisikia?" Halafu Mama mwenyewe alitaka niandike. Alisema ukisikia kwa simu utauliza maswali kabla ya kumaliza kusikiliza, kwa sababu ndivyo ulivyo tangu utoto, lakini ukisoma itabidi ufike mwisho. Kwa hivyo kaa chini, kaka, usome polepole. Hakuna aliyekufa na hakuna mgonjwa. Ni habari njema, tena njema sana, ila imezunguka njia ndefu kunifikia.

Unajua kazi yangu ni ya maziwa ya vibuyu. Ulinicheka siku nilipokuambia, ukasema nimesoma miaka yote hiyo ili niwe mlinzi wa maziwa lala. Lakini tusikilizane. Ndani ya kikombe kimoja cha maziwa yaliyolala kuna bakteria wengi kuliko watu wa dunia nzima, wa aina nyingi, wanaoishi pamoja kama kijiji. Kila kibuyu kina kijiji chake. Wengine wanalinda tumbo la mtoto, wengine wanayapa maziwa ile harufu unayoijua. Sisi tunataka kujua ni nani wanaishi humo kabla vibuyu havijaisha na kila mtu ameanza kununua pakiti dukani. Basi tulizunguka nyumba kwa nyumba, kuanzia eneo la Kwanza hadi miteremko ya Mlima Elgon, tukashuka Kamukuywa, tukaishia Naitiri. Kila mama alitoa kikombe kimoja. Huko kwetu akina mama wa kikundi cha kanisa walitoa wote, na Mama yetu hangekubali kuachwa nyuma.

Mkubwa wangu hapa maabara ni Daktari Wacera, mama mmoja mpole anayekunywa chai bila sukari na kusahau miwani kila mahali. Alipokuwa mwanafunzi alikusanya udongo wa mashamba ya kwao misimu miwili mizima. Sampuli zikafungwa kwenye sanduku zikapelekwa ng'ambo, na mpaka leo hajaona hata namba moja iliyotoka humo. Tena hiyo ndiyo iliyokuwa desturi katika kazi yetu: mwenye matokeo anayafungia mpaka makala yake ichapishwe, na mara nyingi hata baada ya hapo hayafungui. Wacera aliapa kwamba siku atakayoongoza mradi, matokeo yote yatawekwa wazi kwenye mtandao, mtu yeyote ayachukue, ayapime upya, ayatumie. Tuliwaeleza akina mama hivyo hivyo. Pale Kwanza walituuliza vikali, ni nani huyo atakayeangalia ndani ya vibuyu vyao, na mbona awe mtu wasiyemjua. Tukawaambia majina yao hayataonekana, kila nyumba itakuwa na namba na jina la eneo tu, na kwamba tutarudi kuwaambia tulichoona. Mzee mmoja akasema watu wa utafiti huwa wanajua njia ya kuja tu. Tulicheka, lakini lilituuma.

Basi tukaweka kila kitu wazi. Ulikuwa mwezi wa Mei. Nilijiona kama mtu aliyeanika nguo zake zote barabarani.

Kwa majuma kadhaa hakuna kilichotokea. Halafu dada mmoja wa Ethiopia, ambaye anachunguza maziwa ya vibuyu vya kwao, akaandika kwenye ukurasa wetu wa mtandao, pale pale ambapo kila mtu anaweza kusoma. Aliandika kwa heshima kubwa. Alitushukuru kwa kuyaweka matokeo wazi, akasema yamemsaidia. Kisha akasema kuna sampuli moja ya Naitiri inayomchanganya. Haifanani na za majirani zake wa Naitiri hata kidogo. Imekaa katikati ya zile za Kwanza, na inafanana na sampuli moja ya huko kwa karibu mno, kana kwamba maziwa yamemiminwa kutoka kibuyu kimoja hadi kingine. Aliuliza kwa upole kama huenda chupa zilibadilishana.

Makokha, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Maana katika kazi yetu, kuambiwa umechanganya chupa ni kama mpishi kuambiwa ametia omo badala ya chumvi. Ukikosea moja, nani ataamini zile nyingine?

Daktari Wacera alituita ofisini siku hiyo hiyo, mimi na Cherop. Huyu Cherop hujawahi kukutana naye. Ni rafiki yangu, msichana wa huku mlimani, alisomea chuo kimoja na mimi, na ndiye aliyekusanya sampuli za Kwanza na kuandaa vibandiko vya namba vya chupa zote za mradi. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha, na ofisi ya utawala ilikuwa inatafuta sababu ya kupunguza watu. Kila mmoja wetu pale chumbani alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Wacera alisema kuna njia rahisi. Tuiondoe hiyo sampuli, tuandike kwamba ilikuwa na hitilafu, basi. Watu hufanya hivyo kila siku wala hakuna anayelaumiwa. Lakini alipokuwa akisema alikuwa anaangalia meza, na mimi nilijua kwamba hitilafu ikishaandikwa, utawala watauliza ni ya nani. Cherop hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi sikuchanganya. Mkitaka kuandika nilichanganya, andikeni, lakini mjue mnaandika kitu hamjui."

Nami kwa kweli nilidhani amechanganya. Sikuwa na ubaya naye, ila sikuona maelezo mengine. Nilirudi kwenye meza yangu nikafungua orodha yetu ya ndani, ile yenye majina ambayo hayawekwi mtandaoni, ili nijue hiyo namba ni ya nyumba gani. Nikakuta ni nyumba ya Mama.

Nilikaa pale nikitazama jina la mama yangu mpaka chai ikapoa. Hiyo chupa nilikuwa nimeijaza mimi mwenyewe! Kumbuka Cherop hakufika Naitiri siku ile, alikuwa Kwanza. Mimi ndiye niliyemimina maziwa kutoka kwenye kibuyu cha Mama, nikaibandika namba pale pale jikoni kwetu. Hakukuwa na jinsi ya kubadilishana. Nilirudi kwa Wacera nikamwambia. Alivua miwani, akaniangalia, halafu akaanza kucheka. Akasema kama ni hivyo basi hatuondoi kitu. Tukamjibu yule dada wa Ethiopia hadharani, tukaandika kwamba hatujui kwa nini iko hivyo, kwamba chupa hazikubadilishana, na kwamba tutapima tena na kumweleza. Wacera alisema hajawahi katika maisha yake yote kuandika maneno "hatujui" mahali ambapo dunia nzima inasoma. Alisema anajisikia mwepesi.

Tukaenda Naitiri na gari la ofisi, mimi na Cherop pamoja. Mama alitupokea kama unavyomjua, ugali wa wimbi, kuku, na maswali kama Cherop ameolewa. Baada ya kula tukaomba kibuyu. Cherop alikifungua, akanusa, akauangalia ule mkaa uliobaki mdomoni mwa kibuyu. Akamwuliza Mama ni nani aliyemfundisha kukisafisha kwa mkaa wa mti wa senetwet, kwa sababu hivyo ndivyo nyanya yake anavyofanya, mti ule ule, na hata namna ya kuusugua ni ile ile. Mimi na wewe tumekua tukimwona Mama akichoma vile vijiti, na hatukuwahi kuuliza. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo.

Mama alikuwa anachochea moto. Kisha akamjibu Cherop kwa Kikalenjin, lugha ya kina Cherop ambayo kwetu hakuna anayeijua. Si neno moja la salamu, kaka. Sentensi nzima! Cherop naye akashika mdomo. Nilipomwuliza Mama amesema nini, akaniambia niende nikaangalie ndama.

Hatukumsukuma. Tulichukua maziwa, tukapima upya kuanzia mwanzo, na safari hii Wacera mwenyewe alisimamia. Majibu yakatoka yale yale. Kijiji cha bakteria kilichomo katika kibuyu cha Mama ni cha Kwanza. Cherop aliyaweka yale majibu juu ya meza ya utawala kwa mkono wake, na mkataba wake umeongezwa. Tulimnunulia keki, akaila karibu yote peke yake, na hakuna aliyemnyima.

Jumamosi iliyofuata nilirudi nyumbani peke yangu. Tulikaa nje na Mama tukipukuchua maharagwe, jua lilikuwa limetoka kidogo. Nikamwambia Mama, maziwa yako yanasema yametoka Kwanza, na mimi sijui niwajibu watu nini. Akaniuliza, "Kwani yanasema?" Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani yanasema. Akaguna. Halafu akaanza.

Wewe unajua tuliwahi kuishi upande wa Kwanza kabla ya Baba kununua shamba la Naitiri. Hilo tuliambiwa. Walikodi shamba huko wakilima mahindi, na wewe ulizaliwa huko, mimi sikuwa hata kwenye mawazo. Ile miezi ya vurugu baina ya watu wetu na Wakalenjin wa huko ilipofika, mwaka wa tisini na mbili, Baba alikuwa amekwenda Bungoma kututafutia mahali. Mama alibaki na wewe mgongoni, bado unanyonya. Asubuhi moja akaona moshi kwenye nyumba za upande wa chini, na watu wakikimbia. Hakujua akimbilie wapi. Alikimbia tu. Akafika kwenye boma la mwanamke ambaye walikuwa wakisalimiana kisimani, mwanamke wa Kisabaoti, Mkalenjin wa mlimani, hata jina lake kamili hakuwa analijua. Mama anasema alisimama kwenye ua akawaza, hapa ndipo nitakapofia. Yule mwanamke akatoka, akamwangalia, akasema, "Ingia haraka, usisimame hapo kwa jua." Basi. Kana kwamba tatizo lilikuwa jua.

Aliwaficha nyuma ya ghala la mahindi. Mume wake alijua, na wakwe zake hawakujua. Watu walikuja kuuliza, akawaambia hajaona mtu, na alikuwa anakamua ng'ombe huku akisema hivyo. Mlikaa huko wiki nyingi, mpaka lori la misheni likaanza kuchukua watu kuwapeleka Bungoma. Wakati huo wote Mama alijifunza kusafisha vibuyu, na alijifunza maneno, kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine ila kuongea kwa sauti ya chini na kungoja. Siku ya kuondoka yule mwanamke alimpa kibuyu kimejaa, cha kunywa njiani. Mama hakukinywa chote. Alibakisha mbegu. Unajua mbegu ya maziwa, yale kidogo unayoyaacha ndani ili mapya yalale. Akatia mapya, na mapya, na mapya. Kile kibuyu cha kwanza kilipasuka zamani, lakini kila kibuyu kipya alikianzisha kwa maziwa ya kile cha awali. Jina la yule mwanamke ni Chepkosgei.

Nilimwuliza mbona hakutuambia. Alinijibu kwamba alipofika Bungoma alikuta Baba amemzika ndugu yake, baba mdogo Mukhwana, aliyeuawa katika vurugu zile. Nyumba ilikuwa na matanga. Angeanzia wapi kusema kwamba kuna mtu wa upande ule amemwokoa, mbele ya mama mkwe aliyepoteza mwana? Alinyamaza ili wengine walie. Kisha miaka ikapita, na kunyamaza kukawa ndiyo mazoea. Nikamwuliza kama Baba alijua. Akasema Baba alimwuliza mara moja tu kibuyu kimetoka wapi, naye akamwambia yote. Baba akachukua kikombe, akanywa. Alikunywa maziwa yale mpaka mwaka aliotuacha, na hakuwahi kuuliza tena.

Kaka, nililia, na Mama akaniambia nisilie juu ya maharagwe yake.

Sasa hapo kulikuwa na tatizo la kazi. Kwenye orodha yetu ya ndani, ile nyumba ya Kwanza iliyofanana na ya Mama ina jina, na ningeweza kufungua na kuona kama ni huyo Chepkosgei ama mtu aliyepewa mbegu naye. Lakini niliwaahidi wale akina mama kwamba majina yao hayatatoka. Ahadi hiyo hainihusu mimi na watu wa mbali tu, inahusu mama yangu pia. Nilitamani sana kufungua. Nilimweleza Wacera, na akasema twende tukaulize wenyewe, kwani siku ya kurudisha majibu Kwanza ilikuwa imefika. Cherop ndiye aliyekwenda kwanza kwenye ile nyumba. Alimwuliza mwenye nyumba kama angependa kujua kwamba kuna kibuyu kingine mbali kinachofanana na chake, na kama angekubali mwenye kibuyu hicho ajulishwe. Yule mama akauliza kibuyu hicho kiko wapi. Cherop akasema, Naitiri, huko Bungoma. Yule mama akaketi kwenye kigoda, akasema, "Basi walifika." Tangu lile lori liondoke hakuwahi kujua kama mlifika.

Tulirudisha majibu katika ukumbi wa kanisa hapo Kwanza. Watu walijaa, hata yule mzee wa njia ya kuja tu alikuja, akakaa mbele. Tulichora kwenye karatasi kubwa ukutani, kila kibuyu ni duara, vinavyofanana vimekaribiana. Watu walipenda hilo kuliko maneno yetu yote. Walisimama wakatafuta namba zao, wakacheka walipoona nani amekaa karibu na nani, wakaanza kukumbushana nani alimpa nani mbegu wakati wa harusi gani. Daktari Wacera akawa anaandika mbiombio. Alisema sisi tumetumia mashine ya gharama kuona nusu ya jambo, na nusu nyingine ilikuwa imekaa kwenye viti. Sasa kwenye mradi tumeongeza swali ambalo hatukuwa nalo: mbegu ya maziwa yako ulipewa na nani? Na yule dada wa Ethiopia ameliongeza kwao pia.

Mama nilikuwa nimekuja naye. Alivaa ile nguo ya buluu ya Pasaka. Nilidhani watakapoonana kutakuwa na vilio na kuanguka chini. Hakuna. Mama Chepkosgei ni mwanamke mrefu, amenyooka, ana mvi, na haraka hana. Walishikana mikono, hawakuachana, wakatoka nje wakakaa kwenye nyasi kando ya ukuta, wakaanza kusengenya watu ambao mimi siwajui. Mama alikuwa anaongea Kikalenjin kibovu na yule mwenzake akimrekebisha. Mimi nilisimama kama mtoto aliyeletwa kwa wageni.

Baadaye Mama Chepkosgei akaniita, akanishika kidevu, akasema nimefanana na baba yangu, pole. Kisha akamgeukia Mama akauliza, "Na Kipkemei yuko wapi? Mbona hukuja naye?"

Sikujua anamwulizia nani. Niliangalia huku na huku. Mama akashusha macho, akasema, "Yuko Marsabit. Anafanya kazi ya maji."

Ni wewe, kaka.

Na hapa ndipo Mama aliponituma nifike. Alipokuwa amejificha kule nyuma ya ghala alishikwa na malaria kali, na maziwa yake yakakauka. Ulilia siku nzima, na kilio cha mtoto kwenye boma lile kingewaua wote. Chepkosgei alikuwa na mtoto wake mchanga, Noah. Alikuchukua, akakuweka kwenye titi la pili. Noah huku, wewe kule. Akawaambia wakwe zake kwamba amechukua mtoto wa dada yake aliye mgonjwa, na kwa vile mtoto huyo lazima awe na jina, na kulikuwa kiangazi, akakuita Kipkemei, jina la mvulana wa kiangazi. Alikunyonyesha mpaka siku ya lori. Mama Chepkosgei anasema ulikuwa mlafi, ulikuwa ukimsukuma Noah kwa mguu.

Mama hakuniambia hilo tulipokuwa kwenye maharagwe. Anasema yale mengine yalikuwa yake kuyasimulia, lakini hili lilikuwa lako, na alitaka kwanza ajue kama yule aliyekunyonyesha yu hai.

Noah nilimwona. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapo karibu, mrefu kama mama yake, anacheka na mabega. Aliniomba namba yako ya simu. Sikumpa, nilimwambia nitakuuliza kwanza. Yake ameandika mwenyewe nyuma ya ukurasa huu, na hapo chini yake ameandika kwamba anadai ule upande wa titi uliomnyang'anya.

Kilibaki kitu kimoja, kumjibu yule dada wa Ethiopia. Kila sampuli mtandaoni ina nafasi ya maelezo mafupi, na ya Mama ilikuwa tupu. Niliwauliza akina mama wote wawili kama tuandike, na kama ndiyo, tuandike nini. Niliwaambia kwamba likishawekwa huko mtu yeyote duniani atalisoma, na hatuwezi kulirudisha. Walishauriana. Mama Chepkosgei akasema hana la kuficha, wakwe zake walishakufa. Mama akasema, "Wasijue mambo ya vita. Andika mbegu ilitoka kwa dada ya mwenye kibuyu, Kwanza." Nikaandika hivyo. Ukifungua utaona. Hakuna jina, hakuna mwaka, ni sentensi moja katikati ya namba.

Sasa wanapigiana simu karibu kila jioni, na Mama amenunua kadi ya pili ya simu kwa ajili ya mtandao ule wenye bei nafuu. Desemba Mama Chepkosgei anataka tuje wote Kwanza, na ameshamchagua mbuzi. Omba likizo mapema. Usiniambie mambo ya mabomba.

Msalimie wifi Joan sana, umwambie zile shuka alizotuma zilimfaa Mama. Watoto wabusu wote, mkubwa umwambie shangazi yake anangoja matokeo ya mtihani. Mama anakusalimu kwa jina la Bwana, anasema ule vizuri na usinywe maji ambayo hayajachemshwa, hata kama wewe ndiye unayeyaleta. Cherop naye anakusalimu ingawa hamjuani. Na Mama anasema tena, niliandike kama alivyosema: ukifika Kwanza, ukibisha hodi, usiseme ni Makokha. Hakuna anayemjua huko.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Fridah.